Alianza na Limau, Akamalizwa na Madeni: Stori ya André Citroën Unayofaa Kuijua Kabla Ununue Ndai ya Zamani ya Kifaransa Huku Pwani

Uko Malindi ama Kilifi, umeweka doo kando, na kichwani kuna kitu kimoja tu: ndai ya zamani ya Kifaransa. Pengine ya kwanza ushaifufua, sasa unawinda ya pili. Umesikia kuna Peugeot 504 imelala nyuma ya boma fulani Takaungu, kuku wanataga kwa kiti cha nyuma. Halafu usiku unacheki picha za Citroën DS kwa simu mpaka usingizi unapotea.

Swali ni moja: uchukue gani?

Kabla utoe hata soo moja, wacha nikupeleke kwa msee anaitwa André Citroën. Jina unalijua kwa sababu liko kwa magari mpaka leo. Lakini mwenyewe alikufa 1935, na alipokufa kampuni yenye jina lake haikuwa yake tena. Kilichomjenga na kilichomwangusha ni vitu utakutana navyo wewe pia ukifungua boneti ya hiyo ndai. Sikia.

Mtoto wa ukoo wa limau

André alizaliwa Paris tarehe 5 Februari 1878, kitinda mimba kwa watoto watano. Baba yake alikuwa Myahudi kutoka Uholanzi, mfanyabiashara wa almasi. Mama alitoka Warsaw, Poland.

Jina lenyewe lina stori. Mzee mmoja wa ukoo wao alikuwa anauza matunda Amsterdam, akaitwa Limoenman, yaani mtu wa malimau. Baadaye familia ikaligeuza likawa Citroen, ambalo kwa Kiholanzi bado ni limau tu. Walipofika Ufaransa likawekewa vidoti viwili juu ya ile e, likaanza kusikika la kifahari. Kwa hivyo ukipita sokoni Kilifi ukaona mama amepanga mafungu ya malimau, jua ndai kali za Paris zimetoka kwa biashara kama hiyo.

Utoto wake haukuwa rahisi. 1884, André akiwa na miaka sita, baba yake alijitoa uhai. Mama akabaki na watoto watano. Kijana akazama kwa vitabu vya Jules Verne, mwandishi wa safari za ajabu na mashine ambazo hazikuwa zimetengenezwa bado. 1889, akiwa na miaka 11, mnara wa Eiffel ukakamilika hapo hapo mjini kwao. Akajua anataka kuwa injinia.

Akaingia École Polytechnique, shule ya vichwa vigumu Ufaransa. Mama yake akafariki 1899 kabla amalize masomo.

Meno ya V

1900 alienda Poland kutembelea watu wa mama yake. Huko akakutana na gia zenye meno yaliyokatwa kama herufi V. Kwa macho ya mtu wa kawaida ni vyuma tu. Kwa André ilikuwa pesa. Meno ya aina hiyo hushikana taratibu, hayapigi kelele sana, na hubeba nguvu kubwa. Akanunua haki ya kuyatengeneza, na kufikia 1905 alikuwa ameanzisha kampuni ya gia na wenzake.

Zile V mbili unazoziona mbele ya kila Citroën, moja juu ya nyingine, ni hayo meno. Sio mishale, sio mabawa.

Watu wakaona jamaa ana akili ya kiwanda. 1908 akaitwa kusaidia Mors, kampuni ya magari iliyokuwa imezama. Akapanga kazi upya, uzalishaji ukapanda. 1912 akaenda Marekani kuona kiwanda cha Henry Ford, gari linapita kwa mstari na kila mtu anafunga kitu chake. Hiyo picha haikumtoka tena. 1914 akamuoa Giorgina Bingen, na mwaka huo huo Vita ya Kwanza ya Dunia ikaanza.

André alienda vitani kama afisa wa mizinga, akaona jeshi la Ufaransa linaishiwa makombora. Akapeleka mpango kwa serikali. 1915 akajenga kiwanda Quai de Javel, ukingoni mwa mto Seine, na kikaanza kutoa makombora maelfu kwa maelfu kila siku. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake, na ndani kulikuwa na mahali pa kula, pa kulelea watoto, hadi daktari wa meno.

Vita ikaisha 1918. Kiwanda kikubwa, hakuna wa kununua makombora. Ungefanya nini?

Ndai sio bodi peke yake

Yeye aligeukia magari. 1919 akatoa Type A, gari la kwanza Ulaya kutengenezwa kwa wingi kwa mtindo wa Ford. Silinda nne, spidi ya kilomita 65 kwa saa. Leo hata boda itakupita, lakini wakati huo mambo yalikuwa hivi: unanunua chesisi na injini kwa mtu mmoja, unapeleka kwa fundi mwingine akutengenezee bodi, halafu unatafuta taa na matairi. Type A ilikuja kamili. Bodi iko, taa za umeme ziko, stata ya umeme iko, hadi tairi la spea. Unalipa, unaingia, unaenda.

Hapa shika hii pointi vizuri. André alielewa kitu ambacho mtu anayefufua gari la zamani husahau haraka. Gari ni chuma, lakini uhai wake uko kwa spea, fundi na bei inayojulikana. Kwa hivyo akatandaza mawakala nchi nzima, akachapisha orodha za spea, akapanga bei za matengenezo zijulikane mapema ili fundi asikukadirie kwa kuangalia viatu vyako. Akauza pia kwa mkopo, unalipa mdogo mdogo, miaka mingi kabla sisi tuanze kununua simu hivyo.

1922 ikaja 5CV, kagari kadogo sana. Za kwanza zilipakwa rangi ya manjano, Wafaransa wakakaita limau dogo. Jina la ukoo likawa limerudi nyumbani. Matangazo yake yaliwalenga wanawake waendeshe wenyewe, kwa sababu stata ilikuwa ya umeme na hukuhitaji misuli ya kuzungusha chuma mbele ya injini. Kufikia 1926 zilikuwa zimetengenezwa kama 80,000. Wajerumani wa Opel wakatoa yao 1924 iliyofanana nayo kama pacha, ila ya kijani, watu wakaiita chura wa miti. Citroën akaenda kortini. Akapoteza kesi.

Cheki siri ya 5CV. Haikuwa gari tamu kuliko yote Ulaya. Ilikuwa gari ambalo mtu wa kawaida angenunua, akalielewa, na likiharibika akapata wa kulitengeneza. Weka hiyo kando, tutairudia.

Siku ndai za Citroën zilifika Mombasa

Hii sehemu wengi wetu huku Pwani hatukufunzwa shuleni. André alikuwa noma kwa matangazo. Mwisho wa 1922 alituma magari yenye mikanda ya mpira nyuma, kama tingatinga dogo, yakavuka jangwa la Sahara mpaka Timbuktu. Hakuna gari lilikuwa limewahi kufanya hivyo.

Halafu akaongeza. Tarehe 28 Oktoba 1924 magari manane ya aina hiyo yalitoka Colomb-Béchar, Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Lengo lilikuwa kukata bara lote mpaka Madagascar. Kila gari lilikuwa na alama yake: moja mbawakawa wa dhahabu, lingine mwezi mwandamo wa fedha, lingine ndovu aliyebeba mnara.

Walipofika Kampala wakagawanyika makundi manne. Moja likashuka Dar es Salaam, lingine likaelekea Msumbiji, lingine Cape Town. Kundi la Audouin-Dubreuil lilipita Nairobi likateremka hadi Mombasa, kisha likapanda meli. Tarehe 26 Juni 1925 safari ikafikia kikomo Antananarivo. Kwa hivyo karne moja iliyopita, ndai za Kifaransa zilikula vumbi la njia hii hii ya kushuka Pwani, wakati ambapo watu wengi walisafiri kwa reli.

Tusidanganyane lakini. Hiyo ilikuwa enzi ya ukoloni. Njia zilipita kwa ardhi za watu waliotawaliwa, na kwenye filamu iliyotolewa 1926 Waafrika walionyeshwa kama maajabu ya kutazamwa. Ukiweka picha ya safari hiyo kwa ukuta wa gereji yako, iweke ukijua na upande huo.

Kiufundi, somo ni moja. Hayo magari hayakufika kwa sababu hayakuharibika. Yalifika kwa sababu mafundi walikuwa ndani ya msafara, na spea na mafuta vilikuwa vimepangwa kabla safari ianze.

Taa 250,000 na meza ya kamari

1925 André akakodi mnara wa Eiffel wenyewe. Jina CITROËN likaandikwa kuanzia juu kushuka kwa taa kama 250,000. Likawaka mpaka 1934. Kila usiku Paris nzima inasoma jina la ukoo wa muuza malimau.

Mwisho wa miaka ya 1920 Citroën ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za magari Ulaya, karibu magari laki moja kwa mwaka. Ulifika 1929 ukiwa Mfaransa, kuna nafasi kubwa gari ulilopanda lilikuwa lake.

Lakini huyu mzee alikuwa na kiu ya kubeti. Alijulikana kwa meza za kamari za Deauville, akiweka pesa nyingi na kupoteza bila kukunja uso. Na tabia ya kasino haikubaki kasino. Aliendesha kampuni vivyo hivyo: akishinda, faida yote inarudi mezani na deni jipya juu yake.

Gari bora kuliko yote, kwa wakati mbaya kuliko wote

Uchumi wa dunia ukaanguka. Wenzake wakaanza kubana matumizi. Yeye? 1933 akabomoa kiwanda cha Javel na kukijenga upya kwa miezi michache, kazi ikiendelea ndani. Akafungua kwa karamu ya maelfu ya wageni.

Wakati huo huo akawaambia mainjinia wake watoe gari ambalo dunia haijaliona. André Lefèbvre akashika ufundi. Umbo likachongwa na Flaminio Bertoni, Mwitaliano, kwa hivyo Malindi ambako Kiitaliano kinasikika kila kona mna haki ya kujivunia kidogo. Gari likaitwa Traction Avant, kwa sababu magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Halikuwa na chesisi ya kando, bodi yenyewe ndiyo ilikuwa mfupa. Lilikaa chini, likashika kona kama limegundishwa barabarani.

Maze, ilikuwa ndai ya miaka ishirini mbele. Shida ni kwamba ilitengenezwa kwa karibu mwaka mmoja. André alitaka gia boksi ya kujiendesha yenyewe. Ikagoma. Dakika za mwisho ikabidi watoe gia ya kawaida ya tatu na kuibana kwenye nafasi iliyokuwepo. Gari likazinduliwa 1934 likiwa bado bichi. Wateja wa kwanza wakaanza kurudi na malalamiko, na kila gari lililorudi lilikuwa gharama nyingine.

Cheki vile mambo yaligeuka. Yule mtu aliyejenga jina kwa gari linalotengenezeka, sasa anauza gari ambalo mafundi wake wenyewe wanajifunza wakilifungua. Na doo ya kusubiri liive haikuwepo.

Wanaodai wakachoka. Desemba 1934 kampuni ikatangazwa imefilisika. Mdai mkubwa alikuwa Michelin, watu wa matairi, na Michelin wakachukua usukani. André akaondolewa kwenye kiwanda alichokijenga. Alikuwa anaumwa saratani ya tumbo. Tarehe 3 Julai 1935 akafariki Paris, miaka 57. Akazikwa makaburi ya Montparnasse.

Sasa hii ndiyo inauma. Traction ilirekebishwa kasoro zake, ikaendelea kutengenezwa mpaka 1957, zaidi ya magari 700,000. Ilikuwa gari sahihi. Ilihitaji subira na akiba, na mwenyewe hakuwa na yoyote kati ya hizo mbili.

Michelin wakaleta 2CV 1948 na DS 1955, zote zikitoka kwa mikono ya Lefèbvre na Bertoni. Miaka ya 1970 Citroën ikalemewa tena, na safari hii ikachukuliwa na mpinzani wake wa zamani, Peugeot. Kwa hivyo ukibishana na beshte wako kati ya Citroën na Peugeot, mnabishana kuhusu nyumba moja.

Haya, wewe uchukue gani?

Kwanza jua ndai utaitafuta humu humu nchini. Kwa kawaida Kenya haikubali kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hivyo zile Traction unaona zikiuzwa Ufaransa ziache kwa simu. Pili, jua adui wako anaitwa chumvi. Upepo wa bahari wa Malindi na Kilifi hula chuma mchana na usiku.

Peugeot 404 na 504. Hii ndiyo 5CV ya huku kwetu. 404 ilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Ziliunganishwa hapa Kenya, zikabeba wazazi wetu safari ndefu, na fundi wa jua kali mwenye mvi anaijua injini yake akiwa amefunga macho. Spea za kuokota bado zinapatikana. Kitu cha kuangalia ni kutu: sakafu, chini ya milango, na pale juu ambapo shoka za mbele zinashikilia bodi. Beba sumaku. Mahali sumaku inakataa kushika, chini ya rangi kuna filla, na chini ya filla kuna shimo.

Citroën 2CV. Ukipata moja, usicheke sura yake. Injini ya silinda mbili inapozwa na hewa, hakuna rejeta ya kuchemka ukipanda mlima wa Mazeras. Vipande vingi vya bodi vinafunguliwa kwa spana. Spea mpya bado zinatengenezwa Ulaya, lakini utalipa usafiri na ushuru. Kagua chesisi kwanza, hapo ndipo kutu hujificha.

Citroën DS. Najua ndiyo inakunyima usingizi. Lakini ielewe: inainuka, inafunga breki na kugeuza usukani kwa mfumo mmoja wa mafuta yenye presha. Za zamani hutumia mafuta mekundu yanayovuta unyevu kutoka hewani, na unyevu huku Pwani ni bure. Kuanzia karibu 1966 yakaja ya kijani. Ukichanganya hayo mawili, mipira yote ya ndani inaharibika. Kama hakuna fundi karibu nawe aliyewahi kufungua DS, wewe ndiye utakuwa unalipia masomo yake.

Traction Avant. Zile za usukani wa kulia nyingi zilitoka kiwanda cha Citroën cha Slough, Uingereza, kilichofunguliwa 1926. Bodi ndiyo mfupa, kwa hivyo kutu ikiingia imeingia kwa mifupa. Hii ni ya mtu mwenye gereji kavu, welda wa kuaminika na mfuko usioisha.

Ushauri wangu ni huu. Kama hii ndai unataka kuiendesha, chukua 504. Kama roho imekataa kabisa na lazima iwe Citroën, tafuta 2CV. DS iache iwe ya tatu, siku utakuwa na ndai nyingine ya kukupeleka kazini.

Na vyovyote utakavyochagua, fanya kile André alifanya 1919, sio 1934. Jua spea zinatoka wapi kabla ununue. Jua fundi ni nani. Gawa doo yako mara mbili, nusu ya kununua na nusu usiiguse mpaka ufungue gari uone ndani kukoje. Hakikisha logbuku iko kwa jina la anayekuuzia. Usikope ili umalize haraka uingie nayo mtaani Desemba. Haraka haraka haina baraka, na gia boksi ya Traction ni shahidi.

Jumamosi ukienda kuona ile 504 ya Takaungu, nenda na fundi wako, beba sumaku na tochi, na hela iache nyumbani.